Mbolea ya Ukoo

Shemeji yangu akitaka kusema, huhitaji kumwona ili ujue ni yeye. Anaanza na kikohozi. Khm, khm. Halafu ananyamaza kidogo, kama mtu aliyesahau ufunguo, halafu ndiyo anasema, "Sasa, shemeji." Mimi namwiga hivyo tangu nilipoolewa na kaka yake. Mwenyewe anajua. Watoto wake wanamwiga pia, na mimi ndiye niliyewafundisha. Mwalimu jirani anayeniandikia maneno haya anacheka sasa hivi, kalamu imesimama. Andika, mwalimu. Hata wewe nakuiga, ila leo nimekuhurumia.

Kwetu ni upande wa Usinge, mkoa wa Tabora, kule ukilima ukasogea kidogo tu unakutana na msitu wa hifadhi na askari wake. Tunalima mahindi, karanga na tumbaku. Mzee wangu, kaka yake huyo, alipofariki aliniachia nyumba ya bati na shamba la mahindi ng'ambo ya kijito, lile tulilong'oa visiki sisi wawili, mimi na yeye, mgongo wangu ukiwa bado mgongo. Watoto wako mbali na maisha yao. Nikabaki nalilima mwenyewe. Sitaki ukubwa. Nataka mahindi yangu yanifikishe mavuno hadi mavuno, nisibebe chombo kwenda kuomba unga kwa mtu. Hilo tu. Mtu mzima akishaanza kuombaomba unga, hata kuiga watu hawezi tena, maana ataiga nani, wakati wote wanamlisha?

Lakini ardhi yetu imechoka. Usipotia mbolea mahindi yanatoka membamba, ya njano, yamesimama kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Na mbolea ya dukani bei yake si ya bibi. Ndiyo serikali ikaleta hii ya ruzuku. Unajiandikisha kijijini, unataja shamba lako, unaweka kidole kwenye mashine, unakuwa mkulima anayejulikana. Mvua zikikaribia unakwenda kwa wakala, unaweka kidole tena, mfuko unatoka kwa bei ya kupumua.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kujiandikisha nikitoka kuchuma tumbaku ya huyo huyo shemeji. Anayejua tumbaku anajua. Majani mabichi yana utomvu, unaganda mikononi mweusi kama lami, unaoga unabaki, unakula ugali unausikia uchungu wake. Mwandikishaji alikuwa dada mmoja mwenye miwani, anaongea kwa puani kidogo. Akashika dole gumba langu kwa ncha za vidole vyake, akalibandika. Mashine ikalia tiii. Akabandika tena. Tiii. Akanitazama juu ya miwani. "Bibi, wewe huna alama."

Sina alama! Mimi niliyezaa, niliyezika, niliyepika kwenye kila msiba wa kijiji hiki.

Nyuma yangu nikasikia, khm, khm. "Sasa, shemeji. Usihangaike. Shamba liandikwe kwangu. Kwani kuna ubaya gani? Mbolea ni ya ukoo."

Likaandikwa kwake.

Mbolea ilipokuja alikwenda kuchukua yeye, ya shamba lake na ya shamba langu. Mifuko ikakaa chumbani kwake. Mimi nikaletewa beseni. Beseni la plastiki la bluu, lenye ufa ukingoni, ambalo waliwaogeshea watoto. Ndani mbolea imejaa mpaka katikati. "Shemeji, mbolea ni ya ukoo." Akanipa kwa mikono miwili kabisa, kwa heshima, kama anatoa mahari.

Basi nyie mngeona. Kati ya shamba lake na langu kuna kinjia tu cha kupita mtu na baiskeli. Upande wake mahindi kijani kibichi, yananing'iniza majani kama mabibi harusi. Upande wangu wale wagonjwa wangu. Wapita njia wanauliza, "Hili ni shamba la nani, limekumbwa na nini?" Nawajibu, "Limekumbwa na ukoo."

Mavuno yangu hayakufika popote. Masika yamekolea, gunia la mwisho limebaki kitambaa, nikaamka nikaenda kwa shemeji. Mkewe ni mtu mwema, sina neno naye. Hakuniuliza kitu. Akaingia ndani, akatoka na unga, kanipimia. Nikatazama alichopimia. Beseni lile lile la bluu, na ufa wake.

Nilirudi nyumbani nimelishika kichwani, na njia nzima sikumwiga mtu hata mmoja. Watoto waliokuwa wakinifuata ili wacheke wakaona leo hakuna kitu, wakarudi. Usiku ule nikala ugali wangu nikasema: mwakani ama mashine inanijua, ama tunajuana.

Msimu uliofuata mwenyekiti wa kijiji akapita na pikipiki na kipaza sauti. Mwenyekiti wetu akishika kipaza sauti sauti yake inabadilika, inakuwa ya mtu mnene, ingawa mwenyewe ni mwembamba kama mpini. "Wananchiii! Mnatangaziwaaa! Kuhuisha taarifa za wakulima! Keshokutwaaa! Ghala la chamaaa!" Kuku wangu wote wakaingia ndani.

Mimi nikaanza kazi ya mikono. Nikasugua kwa ndimu. Nikasugua kwa majivu na mchanga wa kijitoni. Nikapaka mafuta nikalala na soksi mikononi, kama mwizi. Tumbaku ya shemeji nikaikataa siku hizo, nikamwambia mkono unaniuma. Siku ilipofika vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama vya bwana harusi.

Ghala la chama cha ushirika ndipo tunapopimia tumbaku. Marobota ya msimu uliopita yalikuwa bado yamebaki pembeni, watu wameyakalia. Kwenye meza amekaa bwana shamba mgeni, kijana, suruali imembana, buti mpya hazijaona tope. Na mashine yake mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo na safari?"

"Safi tu, bibi. Leta dole gumba hapa, twende fasta."

Nikaleta. Tiii. Nikaleta la pili. Tiii. Akalifuta kwa kitambaa, akalibana, akalipuliza. Tiii. Akajikuna kichwa. "Dah. Bibi, mfumo unazingua. Haukutambui kabisa."

Kumbe utomvu ulikuwa umetoka, lakini na alama zilizokuwa chini yake zimeshatoka zamani. Jembe limekula, mwiko wa moto umekula, vyungu vimekula. Dole limebaki laini kama yai.

Na wakati huo huo, nyuma yangu: khm, khm.

"Sasa, shemeji. Si nilisema? Bwana shamba, usipoteze muda. Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Shamba lake liendelee kwangu, kama lilivyokuwa. Mbolea ni ya ukoo."

Mwenyekiti naye, bila kipaza sauti sasa, sauti nyembamba: "Ni kweli, bwana shamba. Tuokoe muda. Watu wengi."

Kijana akaanza kubonyeza. Kidole chake kinapiga tap, tap, na kila tap nikaona gunia langu linakwenda ng'ambo ya kinjia. Hakuna aliyenitetea, na najua kwa nini. Shemeji ana ng'ombe wa kulimia, na kila mtu pale anawahitaji mvua ikinyesha. Hata mimi.

Sijui kilichonituma kuuliza. Nadhani ni yale matamshi yake, lile "fasta" lake, linavyovutwa Kipwani. Nikasema, "Mjukuu wangu, ngoja kwanza. Kwenu wapi?"

"Kisarawe, bibi."

"Kabila?"

"Mzaramo."

Ghala zima likasema, "Aaaah!" Wazee waliokuwa wamesinzia kwenye marobota wakaamka. Kijana wa watu anatazama huku na huku, hajui amesema nini.

Mzaramo ni mtani wetu Wanyamwezi. Utani huu ulianza zamani, babu zetu walipokuwa wakitoka Tabora na mizigo kichwani mpaka Pwani, wanafika kwa Wazaramo wamechoka, wengine wanafia huko huko, na Wazaramo wanawazika. Ndiyo utani huo mpaka leo. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala juu ya jeneza akasema halitoki mpaka alipwe. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kwa anachotaka. Ukikasirika wewe ndiye wa kuchekwa.

Basi nikanyoosha mkono, nikaichukua ile mashine mezani. Nikaifunga kwenye kanga, nikarudi kukaa juu ya robota, mashine mapajani kama mtoto mchanga.

"Bibi! Bibi, hiyo ni mali ya serikali!"

"Kumbe! Mimi nilidhani ni mali ya Wazaramo. Komboa."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasimama, akakaa, akasimama. "Mama, jamani, mama, tutafungwa!" Mzee mmoja akamvuta shati: "Kaa chini wewe. Huu ni utani. Hauingiliwi."

Kijana anacheka, anatoka jasho. Watoto wa mjini hawa, utani wanausikia kwenye harusi tu. Akatoa simu. "Ngoja nimpigie bibi yangu, yeye ndiye anayajua haya mambo." Akaweka sauti ya nje, ghala lote tukasikia. Bibi wa Kisarawe anaongea taratibu, maneno yanamtoka kama anayachuja kwenye kitambaa.

"Eeeh, mwanangu. Kulikoni?"

"Bibi, niko kazini huku Tabora. Kuna bibi mmoja wa Kinyamwezi kanichukulia mashine ya kazi. Anasema nikomboe."

Kicheko, kile cha mtu asiye na meno mengi. "Kakuchukuliaaa? Basi mwenyewe huyo! Mpe simu huyo mla michembe!"

Nikapewa simu. Nikasema, "Mtani, michembe yetu ya viazi vikavu tunakula, na tukishiba tunalala kwenye mashamba yetu. Nyie mmeuza yote mkacheze ngoma. Sasa mnawatuma wajukuu huku kuja kupima ya wenzenu!"

"Ungekuwa karibu ningekuzika mzima mzima!"

"Mtanizika na nini, Wazaramo? Sanda mmeshonea nguo za ngoma!"

Tulitukanana mpaka watu wakashika mbavu. Sijui jina lake mpaka leo, lakini nampenda mwanamke yule. Tulipochoka akaniuliza kwa sauti nyingine, ya chini, "Mtani, unataka nini kwa mtoto?"

Nikamwambia, "Sitaki hela. Nataka mambo mawili. Aulize watu hapa hadharani, shamba langu ni la nani. Halafu ajaribu vidole vyangu vyote, asiruke hata kimoja."

"Mjukuu wangu," akasema kwenye simu, "umesikia? Huna pa kukimbilia. Fanya. Usije ukaniletea laana ya watani hapa nyumbani."

Kijana akasimama, akajiweka sawa, akauliza kama kiongozi kweli. "Haya, wananchi. Shamba la ng'ambo ya kijito. Ni la nani?"

Watu wanaangalia viatu. Ng'ombe wale wa kulimia walikuwa kama wamesimama pale pale ghalani, tunawasikia wanacheua.

Nikaona hapa sina mali ila mdomo wangu. Nikasimama. Nikakohoa.

Khm, khm.

Watu wakaanza kucheka kabla sijasema neno. Nikaweka mikono nyuma, tumbo mbele, kama anavyosimama. "Sasa, shemeji. Mbuzi wameingia kwenye mahindi, huwaoni? Mahindi ya shamba la nani?"

Mwanamke mmoja nyuma, akininyooshea mimi kidole, taratibu: "La shemeji."

Khm, khm. "Sasa, shemeji. Magugu yamezidi, yatahamia kwangu. Palilia shamba lako. Shamba la nani?"

"La shemeji!" Sasa ni wengi.

Khm, khm. "Sasa, shemeji. Wanachangisha ujenzi wa zahanati, kila mwenye shamba. Na wewe una shamba, toa. Shamba la nani?"

"La shemejiii!" Hata wazee.

Nikanyamaza. Nikangoja, kama anavyongoja yeye. Khm. Khm. "Sasa, shemeji. Mbolea imekuja. Shamba la nani?"

Ghala lote, mpaka bati likatetemeka: "LA UKOOO!"

Watu walipiga marobota kwa viganja, vumbi la tumbaku likapanda, tukaanza kupiga chafya na kucheka pamoja. Nikamtazama shemeji. Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Huyu ni mtu aliyenizikia mume. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Akainua uso, machozi kweli yanamtoka, lakini ni ya kicheko. Akataka kusema, akaanza na kikohozi chake, watu wakasikia kikohozi wakaangua upya. Akakata tamaa. Akapunga mkono tu.

"Liandike kwake, bwana shamba. Huyu mwanamke ataniiga mpaka siku ya kuzikwa kwangu."

"Nitaiga na jeneza," nikamwambia.

Nikairudisha mashine mezani. Sasa ikabaki vidole, na hapo hakuna wa kunisaidia, si Mzaramo wala Mnyamwezi. Kijana akakaa karibu, akanishika mkono vizuri, si kama yule dada wa miwani. Cha shahada, tiii. Cha kati, tiii. Watu wamejazana juu ya vichwa vyetu kama wanaangalia mpira. Kila tiii wanasema "Aaa!" Mkono wa kulia ukaisha wote. Tukahamia wa kushoto. Tiii. Tiii. Kijana ameacha kucheka, ameng'ata mdomo. Simu iko mezani bado iko hewani, bibi wa Kisarawe anauliza, "Vipi? Vipi huko?" Tiii. Kikabaki cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, ambacho sijawahi kukifikiria hata siku moja.

Akakibandika.

Pii! Taa ya kijani.

Vigelegele vilivyopigwa pale sitavisikia tena maishani labda nifufuke. Mwenyekiti alisahau ukubwa, akaruka. Kijana akakigeuza kidole changu huku na huku. "Bibi, hiki ulikificha wapi?"

"Hiki mvivu," nikamwambia. "Nikishika jembe kinakaa pembeni, kinawatazama wenzake. Nilikuwa nakisema kila siku. Kumbe kilikuwa kinanitunzia."

Jioni simu yangu ikalia, ujumbe umeingia. Sijui kusoma, lakini nikaona si wa kawaida, mrefu. Nikampelekea mwalimu huyu. Akasoma: "Ndugu mkulima, umesajiliwa." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia sehemu ile ya mwanzo tu.

Mvua zilipokaribia nilikwenda mwenyewe kwa wakala. Nilipanga foleni, nikafika dirishani, nikatoa kidole kidogo cha kushoto. Wakala akashangaa, "Mama, dole gumba." Nikamwambia, "Wewe bandika." Pii. Mfuko ukatoka. Nilirudi juu ya bodaboda, mfuko katikati yangu na dereva, nimeukumbatia kuliko nilivyomkumbatia marehemu. Dereva analalamika, "Bibi, unanisukuma kwenye tangi!" Nikamwambia sogea, kuna abiria watatu hapa, na mmoja kalipiwa na serikali.

Sikupita moja kwa moja. Nilisimamisha kwa shemeji. Nikamwomba mkewe lile beseni la bluu. Nikafungua mfuko pale pale uani, nikajaza mpaka katikati, nikampa shemeji kwa mikono miwili, kwa heshima.

Khm, khm. "Sasa, shemeji," nikamwambia. "Mbolea ni ya ukoo."

Alilipokea. Angefanya nini?

Mwaka huo ukipita kwenye kinjia hukujua shamba lipi ni la nani. Wapita njia waliuliza, na kujibu nikajibu mwenyewe, kwa sauti yangu. Bwana shamba alikuja wakati wa mahindi mabichi, akazunguka shamba, halafu bila kuaga akamkamata jogoo wangu mkubwa akamfunga kwenye pikipiki. "Utani, bibi. Komboa." Sikukomboa. Nilimwambia ampelekee bibi yake Kisarawe, amwambie Wanyamwezi wamelala shambani kwao.

Gunia la mwisho bado limesimama nyumbani, na mavuno mengine hayo yanakuja. Juzi mke wa shemeji alinikuta nasonga ugali. Akaona kidole changu kidogo cha kushoto kimefungwa kitambaa safi, kimepakwa mafuta, kimeinuliwa juu kisiguse mwiko.

"Shemeji, umeungua?"

"Hapana," nikamwambia. "Kimepumzika. Kina kazi msimu ujao."